Kaka anasema nisiyatoe matairi ya theluji, na gari linateleza Thika Road

Mshauri, salamu.

Husoma safu yako nikiwa kwenye gari nikimsubiri mtoto nje ya shule, na leo zamu ya kuuliza ni yangu. Jina langu naomba usilitaje.

Naishi Kahawa Sukari, kazini ni Upper Hill. Mwaka jana kaka yangu mkubwa anayeishi Montreal alinitumia pesa nikanunua Toyota Vitz ya 2017, ile ya sisi 1000. Lilikuwa limeshuka tu kutoka Japani. Pale yadi muuzaji aliinama, akapigapiga tairi kwa kiganja, akaniambia, "Madam, wewe una bahati. Haya ni matairi ya barafu. Kama yanashika kwenye barafu, mvua ya Nairobi ni nini?" Nilitoka pale nikijiona nimepata zawadi juu ya zawadi.

Mwezi wa nne, jioni moja, nilikuwa narudi nyumbani na mvua inanyesha. Nikikaribia Roysambu matatu ikahama ghafla kutoka upande wa kushoto ikaingia mbele yangu. Sikuwa na mwendo, labda 50. Nikakanyaga breki mpaka mwisho. Pedali ikatetemeka chini ya mguu kama kitu kilichovunjika, na gari likaendelea kwenda. Lilisimama nikiwa naweza kusoma kibandiko kidogo kwenye bampa ya ile matatu. Binti yangu wa miaka sita akauliza kutoka nyuma, "Mami, mbona gari linaserereka?" Sikuweza kumjibu. Tangu siku hiyo limeniteleza mara mbili tena, zote kwenye mvua.

Nilimpelekea fundi wangu. Alifungua breki akasema ni nzima kabisa. Ushauri wake ni nitoe magurudumu yote, niweke rimu za 15 na matairi ya 195/65, gari liinuke, liache kugusa matuta, na "likanyage chini vizuri" kwa sababu ni jepesi.

Kaka naye nilipomweleza kwenye simu alikasirika. Anasema Montreal matairi ya aina hiyo ni sheria, yamemwokoa mara nyingi na gari lake dogo, na kwamba mimi napoteza pesa kwa sababu meno bado yapo. Mshauri, huyu ndiye aliyelinunua hili gari. Ndiye aliyenilipia karo pia. Sijui nitambishia kwa mdomo gani.

Nimeangalia ubavuni kumeandikwa STUDLESS, na kuna namba nne ndani ya kiduara: 4217. Jamaa mmoja wa Kirinyaga Road yuko tayari kuyanunua. Nimejiwekea shilingi 28,000. Desemba nataka kuwapeleka mama na watoto Eldoret. Nimsikilize nani?

Mwenye Vitz, Kahawa Sukari

---

Dadangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na sehemu iliyonishika ni lile swali la binti yako. Nakujibu kwa urefu kwa sababu wiki haipiti bila kuona gari dogo kutoka Japani likizunguka Nairobi na matairi haya haya, na mwenyewe hana habari.

Kwanza nikutoe hofu ya breki. Ile pedali kutetemeka ni breki zilikuwa zinafanya kazi yake. Gari lako lina mfumo unaozuia magurudumu kujifunga. Tairi linapoanza kuteleza, mfumo unaachia na kubana, unaachia na kubana, mara nyingi kwa sekunde, na mguu wako unausikia. Maana yake ni kwamba breki zilitaka kusimamisha gari na matairi hayakuwa na cha kushikilia. Fundi wako alisema kweli hapo. Siku nyingine ukisikia mtetemo ule usiachie mguu, endelea kukanyaga huku ukiongoza usukani.

Sasa matairi. Neno hilo STUDLESS limemaliza ubishi wote kuhusu ni tairi la aina gani. Japani zamani watu walikuwa wakifunga matairi yenye misumari midogo ya chuma wakati wa theluji. Misumari hiyo ilikuwa ikisaga lami, na miji kama Sendai ikajaa vumbi la barabara mpaka watu wakalalamika mapafu. Mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuyadhibiti. Kilichochukua nafasi yake ni tairi lisilo na msumari hata mmoja, linaloshika barafu kwa mpira wenyewe. Ndilo hilo ulilonalo. Katika mikoa ya theluji kama Hokkaido na Niigata karibu kila nyumba huwa na seti mbili za matairi, moja ya majira ya joto na moja ya baridi. Gari likiuzwa wakati limevaa seti ya baridi, linapanda meli hivyo hivyo hadi Mombasa. Hata namba yako inasimulia hadithi hiyo: 4217 ni wiki ya 42 ya mwaka 2017, yaani Oktoba, kiwanda kikijiandaa kwa theluji.

Muuzaji alikuambia kitu kinachosikika kama akili: aliyeshinda barafu hawezi kushindwa na mvua. Ningependa ufanye jaribio moja ndipo uone kosa liko wapi. Chukua brashi ya viatu, iweke sakafuni manyoya yakiwa chini, uikandamize halafu uisukume mbele. Kabla brashi yenyewe haijasogea, manyoya yanalala. Sasa nenda kwenye gari, uchuchumae karibu na gurudumu la mbele, upitishe kidole juu ya tairi. Utaona kila jino limechanjwa mistari myembamba ya mawimbi, mingi, imesongamana kama meno ya kitana. Ukibonyeza kwa ukucha mpira unabonyea. Vile vichanjo ni kwa ajili ya barafu. Juu ya barafu huwa na utando mwembamba sana wa maji, ndio unaoangusha watu. Vichanjo vinaufyonza, na kingo zake nyingi zinauma. Lakini kwenye lami yenye joto, ukifunga breki, meno hayo laini yaliyochanjwachanjwa yanalala kama yale manyoya. Ndiyo maana ukaona gari linaendelea kwenda wakati mguu uko mwisho.

Mpira wenyewe pia umepikwa tofauti. Tairi la kawaida likifika kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi linaanza kukakamaa kama chapati iliyolala nje usiku. La theluji linatiwa mchanganyiko unaolifanya libaki laini hata maji yakiganda. Gharama ya ulaini huo huonekana kwenye joto: linalegea, linakwisha haraka, na umbali wa kusimama unarefuka, kwenye ukavu na kwenye maji pia. Nairobi yetu, hata Julai tunapovaa masweta mawili, alfajiri kwa kawaida haishuki chini ya nyuzi 10. Saa nane mchana lami ya Thika Road iko kwenye joto ambalo tairi hilo halikuumbwa kulikutana nalo kabisa. Hatuna siku hata moja katika mwaka ambayo ni siku yake.

Mimi mwenyewe niliendesha Passo yenye matairi kama hayo kwenda Mombasa, kabla sijajua ninayokueleza. Kufika Mtito Andei nilikuwa nikihisi gari linaogelea kila nikigeuza usukani, nikadhani ni upepo wa malori. Nikashuka nikagusa tairi: lilikuwa na moto, na kingo za meno zilikuwa zimeanza kuchakaa kwa nyuzinyuzi, kama kifutio cha mtoto wa shule. Nilikuwa nimebeba familia nzima. Bado nikikumbuka naumia.

Kaka yako anasema meno bado yapo. Hapo kuna jambo ambalo pengine hata yeye hajaliangalia. Tairi la theluji la Japani lina alama mbili za kuisha. Moja ni ile ya matairi yote, ya milimita 1.6. Nyingine iko juu zaidi, katikati ya kina cha mfereji: kijukwaa cha mpira, na begani kuna kishale kidogo kinachokuonyesha kilipo. Meno yakifika usawa wa kijukwaa hicho, tairi limetumika nusu, na Wajapani hawaliendeshi tena kwenye theluji. Chukua kijiti cha kiberiti, kizamishe kwenye mfereji mkubwa wa katikati, weka alama kwa ukucha, pima kwa rula ya mtoto. Ukipata milimita 4 au chini, tairi lako halifai theluji wala halifai mvua. Na hata ukipata 7, umri unabaki pale pale. Watengenezaji wakubwa kadhaa hushauri tairi likishatimiza miaka mitano likaguliwe kila mwaka, na likifika 10 litolewe hata kama linaonekana jipya. La kwako lina umri wa gari lenyewe.

Kuhusu fundi. Breki amezipima vizuri, ila kwenye ukubwa wa tairi ninampinga waziwazi. Vitz lako la sisi 1000 lilitoka kiwandani na 165/70R14, yaani upana wa milimita 165 kwenye rimu ya inchi 14. Kipenyo cha tairi hilo ni milimita 587 hivi. La 195/65R15 ni milimita 634 hivi. Umeongeza karibu sentimita tano, gari litainuka nusu yake tu, yaani kama sentimita mbili na nusu, na kwa hizo mbili na nusu utalipa mengi. Tairi linaweza kugusa matao ya bodi yanayolifunika ukikata kona gari likiwa limebeba watu. Injini ile ndogo itachoka kuzungusha gurudumu zito. Spidomita itakudanganya: ikikuonyesha 100, kweli unaenda 108.

Hoja yake kwamba gari jepesi linahitaji tairi pana ili likanyage vizuri ndiyo naisikia gereji nyingi, na kwenye maji iko kinyume. Gari lako lina kilo zisizofika elfu moja likiwa tupu. Uzito huo mdogo ukiutandaza juu ya tairi pana, kila sentimita inapata uzito pungufu wa kuibonyeza chini, na maji yaliyotuama yanapata upana mkubwa wa kuliinua. Tairi jembamba linakata maji kama kisu. Hata huko kwenye theluji ushauri kwa magari madogo ni huo huo: chagua upana mwembamba kati ya zile zinazoruhusiwa kwa gari lako, lizame kwenye theluji lifikie kitu kigumu. Kwa hiyo baki na 165/70R14. Ukikosa, 175/65R14 inakaribiana sana kwa kipenyo, tofauti ni milimita tatu au nne.

Unapokwenda dukani, usianze na jina la kampuni. Anza na ubavu wa tairi. Baada ya ukubwa utaona namba na herufi, kwa gari lako 81S au zaidi. Hiyo 81 inamaanisha kila tairi linabeba hadi kilo 462, na S ni mwendo wa hadi kilomita 180 kwa saa. Ukiona Q, ambayo ni 160, jiulize mara mbili, kwa sababu matairi mengi ya theluji kutoka Japani huwa na herufi hiyo. Tafuta mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji yenye umbo la nyota ndani: ukiuona, rudisha. Herufi M na S (matope na theluji kwa Kiingereza) zikiwa peke yake zisikutishe, hizo mtengenezaji hujiwekea mwenyewe na zipo kwenye matairi mengi ya magari makubwa ambayo hayana shida hapa kwetu. Kisha soma namba nne za wiki na mwaka. Kama tairi lina kibandiko cha Ulaya, tafuta picha ya wingu la mvua na herufi iliyo kando yake. Hiyo ni alama ya kusimama kwenye maji, A ikiwa bora na E ya mwisho. Ningelipa zaidi kwa herufi hiyo kuliko kwa jina lolote. Matairi mengine yameandikwa TRACTION ubavuni, na hapo tafuta AA au A.

Mtu akikwambia ya mtumba ni bora kuliko mapya ya bei ya chini, mjibu kwa upole na uendelee na safari. Kwenye rundo la mitumba ndiko matairi ya theluji yanakojificha, yamesuguliwa na kupakwa rangi nyeusi yang'ae. Zamani tulikuwa na Yana, matairi yaliyotengenezwa hapa hapa Industrial Area, lakini kiwanda kilifungwa 2016 na tangu hapo tunategemea kinachoshushwa bandarini. Macho yako ndiyo mkaguzi.

Hizo 28,000, zitumie kwa manne ya bei ya kati kwa pamoja. Usinunue mawili ya gharama ukaacha mawili ya theluji upande mwingine. Gari lenye matairi ya tabia mbili ni hatari kuliko ulilonalo sasa: mbele linashika, nyuma linaachia, na unajikuta unatazama ulikotoka. Kama pesa zitapungua na ni lazima uanze na mawili, basi mapya yakae nyuma. Najua fundi atashangaa kwa sababu gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Mbele ikiteleza gari linanyooka, na wewe unaweza kupunguza mwendo ukalirudisha. Nyuma ikiteleza, dereva wa kawaida hana la kufanya. Lakini manne, dadangu. Halafu alainimenti na balansi siku hiyo hiyo, usiahirishe.

Jamaa wa Kirinyaga Road usimuuzie. Najua ni pesa, na najua umezihesabu tayari. Lakini yataishia kwenye Vitz nyingine, na ndani yake kutakuwa na mtoto mwingine kiti cha nyuma. Mwombe fundi ayachane kwa kisu ubavuni mbele yako yasirudi barabarani, kisha yawe bembea au vitanda vya sukuma wiki nyuma ya nyumba. Usiyachome.

Sasa kaka. Usimwambie amekosea, kwa sababu hajakosea. Quebec sheria inataka kila gari la abiria livae matairi ya theluji kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Anayeishi huko na gari dogo bila matairi hayo anahatarisha roho yake, na kumbe yeye kila asubuhi ya Januari anaondoka nyumbani salama kwa sababu ya mpira ule ule unaokutelezesha wewe. Hasira yake ni ya mtu anayekupenda akiwa mbali. Mpigie simu, umsimulie Roysambu yote, hadi swali la binti yako. Kisha muulize swali moja tu: "Kaka, mwezi wa saba wewe unavaa matairi gani?" Atakwambia ameyatoa tangu Aprili, yako stoo. Nyamaza kidogo hapo, umwachie nafasi. Huku kwetu mwezi wa saba wake uko mwaka mzima, na yeye mwenyewe atalisema kabla yako. Mtumie pia picha ya ile 4217. Mtu aliyekununulia gari atataka kujua kwamba umelitunza, na sidhani atakunyima baraka ukimwonyesha kwa nini.

Mpaka ubadilishe, mvua ikinyesha pita njia ya taratibu, uache nafasi mara mbili ya unayoacha sasa, na matatu ikikuingilia mwache aende. Safari ya Eldoret na matairi hayo usiifanye. Ukungu wa Kimende na mteremko wa Kinungi si mahali pa kujaribu bahati na mama yako ndani.

Ukishafunga mapya, kuna kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinachoonyesha kipimo cha upepo, mbele na nyuma. Kipige picha ukihifadhi kwenye simu, kwa sababu wale vijana wa petroli huweka kipimo kimoja kwa kila gari linaloingia. Pima asubuhi, matairi yakiwa baridi, kabla hujaenda kumpeleka mtoto shule. Na ukiwa dukani kabla ya kulipa, kama namba ya wiki inakutatiza, nitumie picha ya ubavu nami nitakujibu siku hiyo hiyo.